E. coli wako hakutoka mbali: jibu kwa dada wa Nyalenda

Dada mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, ameniandikia swali refu na nimeona nilijibu kwa urefu pia, maana najua si yeye peke yake. Anasema ana miaka 29, ana mtoto mmoja wa miaka 3, na tangu Januari amepata UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu. Mara mbili za kwanza alienda tu duka la dawa akaeleza vile anachomeka akienda haja ndogo, akapewa vidonge, kwanza amoxicillin halafu siku ingine Septrin, na kila mara alimeza siku mbili tatu akasikia nafuu akawacha. Baada ya ile ya pili akaanza kuwashwa na kutokwa na uchafu mweupe. Mara ya tatu ndio akaenda hospitali, mkojo ukaoteshwa, akapewa karatasi imeandikwa E. coli, zaidi ya 100,000, na orodha ya dawa zenye R na S mbele yake. Mama mkwe aliposikia eti hiyo ni bakteria ya choo akasema basi shida ni usafi. Sasa dada anauliza hivi: "Huyu mdudu alinipata wapi na mimi naoga mara mbili kwa siku? Na kuna dawa gani kali ya kumaliza bakteria zote mwilini nipumzike? Na mtoto nimwachishe mala, maana nasikia nayo ina bakteria?"

Pole kwanza dada. Kuchomeka kwa mkojo si kitu kidogo, ile ya kukimbia choo mara kumi na hakuna cha maana kinatoka, na usiku hulali. Na kabla sijaenda mbali wacha niseme hii wazi: wewe si mchafu. Nimefanya kazi ya maabara hapa Kisumu miaka 19, chupa za mkojo nimeshika hadi hesabu ikapotea, na hiyo E. coli naiona kwa walimu, kwa manesi, kwa wasichana wa chuo, kwa nyanya zetu wa kanisa, kwa bibi harusi wa juzi. Dawa ya kumaliza bakteria zote nayo haiko, na hata ingekuwepo ningefunga safari hadi Nyalenda kukuomba usiimeze.

Nafikiri penye tunapotea sisi watu wa kando ya ziwa ni malaria. Tumelelewa nayo. Ukiwa na joto unapimwa tone la damu, mpimaji akiona kimelea kwa slaidi unapewa dawa, unamaliza dozi, kimelea anaisha, umepona. Akiwa ndani wewe ni mgonjwa, akitoka wewe ni mzima, na kwa malaria hesabu hiyo iko sawa maana hakuna kimelea wa malaria mwenye kazi yoyote nzuri kwa damu ya mtu. Basi tumechukua hesabu hiyo hiyo tukaibandika kwa kila kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kwa bakteria haiendi hata kidogo.

Mtu mzima wa kilo 70 hivi ana seli zake mwenyewe kama trilioni 30, na bakteria kama trilioni 38. Hesabu hiyo ni ya mwaka 2016, wanasayansi walikaa chini wakapiga upya, kwa sababu zamani ilikuwa inasemwa bakteria ni mara kumi ya seli zetu na kila mtu alikuwa anairudia tu, hata mimi niliisoma hivyo chuoni na nikaiandika kwa mtihani. Sasa tunajua wanakaribiana. Lakini ni wadogo mno, ukiwakusanya wote uwaweke kwa mizani ni kama gramu 200, hata ile robo ya sukari hawafikishi.

Na hawajatawanyika ovyo ovyo, kila mahali pana wenyeji wake. Kwa ngozi wako kina Staphylococcus epidermidis, hao wanakaa kavu wanakula vitu vidogo vya mafuta na jasho, na ile harufu ya kwapa unaijua si ya jasho lenyewe, jasho likitoka halinuki, ni bakteria wakishalila ndio harufu inakuja. Kwa pua, karibu mtu mmoja kati ya watatu amebeba Staphylococcus aureus na hana habari, yuko salama salimini, lakini huyo huyo aureus akipata mkwaruzo kwa ngozi anafanya jipu la kukulaza chini. Kwa mdomo wamejaa sana, ule utando wa meno asubuhi kabla hujapiga mswaki ni mji mzima. Mtu wa kwanza kuandika kwamba amewaona alikuwa muuza vitambaa wa Delft huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1683 alikwangua meno yake akaweka kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe akaona vitu vinaogelea. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaangalia wenyeji wa mdomo wake.

Tumboni penye chakula kinaingia kwanza kuna asidi kali na wengi wanakufa hapo, ingawa yuko mmoja, Helicobacter pylori, anayeweza kukaa kwa ukuta wa tumbo na kuleta vidonda vya tumbo, na madaktari hawakuamini hadi Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 akamnywa mwenyewe kwa kikombe, tumbo likamsumbua kweli. Utumbo mdogo nao una wachache. Halafu unafika utumbo mpana, na hapo dada ndipo nataka tukae kidogo maana E. coli wako ni wa hapo.

Utumbo mpana ni giza, joto, unyevu, na hewa ya oksijeni karibu haipo. Gramu moja tu ya kilicho ndani inaweza kuwa na bakteria bilioni 100. Wengi wao huwezi hata kuwaotesha kwa hewa ya kawaida, wakionja oksijeni wanagoma kuota na wengine wanakufa, kina Bacteroides na wenzao. E. coli kati ya hao wote hafiki hata mmoja kwa mia. Jina lake limekuwa kubwa kwa sababu anaota kirahisi kwa sahani zetu za maabara, si kwa sababu yeye ndiye mwenye mji. Daktari wa watoto Theodor Escherich ndiye alimtoa kwa choo cha watoto wachanga mwaka 1885, ile E ni ya jina lake, na coli ni ya utumbo mpana. Yeye mwenyewe alimpa jina lenye maana ya bakteria wa kawaida wa utumbo. Wa kawaida! Tangu siku za kwanza alijulikana ni mwenyeji, anaingia kwa mtoto siku chache tu baada ya kuzaliwa, mara nyingi ametoka kwa mama yake.

Wanafanya nini huko? Ukila osuga, dek, apoth, ugali wa mtama, kuna sehemu ya hiyo mboga na nafaka ambayo wewe binadamu huna uwezo wa kuisaga, nyuzi nyuzi zile, inateremka hivyo hivyo hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanaichachusha wanatoa asidi fulani laini, na seli za ukuta wa utumbo wako zinakula hiyo asidi kama chakula chao kikuu. Yaani unalisha bakteria halafu bakteria wanalisha utumbo. Wanatengeneza pia vitamini, moja ikiwa vitamini K ambayo damu inaihitaji ndio igande ukijikata. Kama ulijifungulia hospitali unaweza kukumbuka mtoto alidungwa sindano pajani siku hiyo hiyo, hiyo ilikuwa vitamini K, kwa sababu anazaliwa akiwa na akiba ndogo sana, maziwa ya mama yana kidogo, na bakteria wa kumsaidia bado hawajakaa vizuri. Na kazi ingine ambayo mimi naona ni kubwa kuliko zote ni kukalia viti. Salmonella akiingia na chakula anapata viti vyote vina wenyewe, chakula kinaliwa na wenyewe, anahangaika hapo na wengi wanapita tu wanatoka. Ndio maana mtu aliyemeza antibiotiki za nguvu kwa muda anaweza kushikwa na kuhara kubaya kwa bakteria anayeitwa Clostridioides difficile, viti vilibaki wazi akakaa yeye.

Sasa chukua mto Nyando. Maji ya Nyando yakiwa kwa mto, yakipelekwa kwa mifereji ya Ahero, yanatupatia mchele. Maji hayo hayo mto ukifurika yakaingia kwa nyumba ya mtu huko Kano, ni msiba, watu wanalala kwa shule na magodoro yameloa. Maji hayajabadilika, mahali ndio pamebadilika. Na sijawahi kusikia mtu wa Kano akisema mto Nyando ukaushwe, wanachoomba kila mwaka ni kingo. E. coli wako kwa utumbo ni maji kwa mto. Kwa kibofu ni maji kwa nyumba.

Alifikaje huko? Safari ni fupi dada, na ni maumbile yetu sisi wanawake. Sehemu ya haja kubwa iko karibu na njia ya mkojo, na mrija wa mkojo wa mwanamke una sentimita 4 hivi, wa mwanaume unafika kama 20. Kwa hivyo bakteria akishafika mlangoni kwetu amebakisha kidogo tu. Tendo la ndoa linawasukuma ndani, ndio maana UTI inafuata sana wanawake walio na waume, na kondomu au krimu zenye dawa ya kuua mbegu zinaongeza shida. Aina za E. coli zinazoleta UTI zina vinyweleo vidogo kwa mwili wao, ncha yake inashika ukuta wa kibofu kama mbegu za nyasi zinavyoshika sketi, na mkojo ukipita hauwabebi. Wakishashika, wanazaana. Mahali pazuri E. coli anaweza kugawanyika kila dakika 20, na ukipiga hesabu hiyo kwa masaa manane, mmoja anakuwa zaidi ya milioni 16. Kwa kibofu haendi kasi hivyo kwa sababu mkojo unawatoa kila wakati, na hiyo ndio faida ya kunywa maji na kutokazana na mkojo kutwa nzima ukiwa sokoni.

Na mlangoni tuko na askari. Uke wa mwanamke wa umri wako unakaliwa sana na Lactobacillus, hao wanatengeneza asidi ya maziwa, wanashikilia pale pakiwa pachachu, na E. coli hapendi. Hapa nakuomba unisikilize vizuri juu ya usafi. Kuoga mara mbili ni sawa kabisa. Lakini nimeona dada wengi wakiambiwa ni wachafu wanaenda kununua sabuni kali, dawa za kuua vijidudu, wengine hata ndimu na chumvi, wanaosha hadi ndani. Wanaua askari! Halafu E. coli anapata mlango hauna mtu. Nje osha na maji, sabuni ya kawaida ukitaka, ndani usiguse, pajisafishe penyewe. Ile ya kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma endelea nayo, na ukitoka kwa tendo la ndoa pitia choo ukojoe.

Hata kule kuwashwa na uchafu mweupe baada ya Septrin ni hadithi hiyo hiyo. Mara nyingi huyo ni kandida, ambaye si bakteria, ni kuvu, jamaa wa hamira, na antibiotiki haimgusi. Huwa yuko kidogo kidogo, Lactobacillus wamemzunguka, dawa ikiwafyeka anajipanua. Lakini usijitibu kwa kukisia, kama bado unawashwa mwambie daktari apaangalie.

Sasa karatasi yako. Nataka uone kile kilifanyika kwa chupa yako maana watu wanafikiri tunaweka kwa mashine inatema jibu. Chupa ikifika natazama saa uliyotoa mkojo. Nachovya kitanzi chembamba cha waya ambacho kinabeba sehemu moja kati ya elfu ya mililita, si zaidi, naburuta kwa sahani juu ya aga, ile jeli ya kuoteshea bakteria, mistari inakwenda na kurudi kama mtu anachora matuta ya shamba. Sahani inalala kwa inkubeta, joto la mwili, nyuzi 35 hadi 37, hadi kesho. Asubuhi nafungua. Kama ni E. coli kwa aga ya MacConkey naona vidoa vya rangi ya waridi, vimekauka kidogo, mviringo, na kuna harufu fulani nzito ambayo ukishaizoea huisahau. Kila kidoa kilianza na bakteria mmoja au kikundi kidogo. Nikihesabu vidoa 100 na najua nilichovya sehemu moja kati ya elfu ya mililita, basi kwa mililita nzima walikuwa 100,000. Hiyo ndiyo namba kwa karatasi yako. Kwa mtu anayechomeka kama wewe, namba hiyo ikiwa ya bakteria aina moja tu, tunaamini hao walikuwa wanaishi kwa kibofu.

Kutoka kwa kidoa kimoja naweza kupaka slaidi nikaitia rangi, ile njia ya Hans Christian Gram ya mwaka 1884 na hadi leo tunaitumia: zambarau, halafu iodini, halafu spiriti ya kuosha, halafu nyekundu. Wenye ukuta mnene wanabaki na zambarau, wenye ukuta mwembamba wanaoshwa wanachukua nyekundu. E. coli kwa hadubini, ukimkuza mara 1,000 na tone la mafuta, ni vijiti vifupi vya waridi, kama mtu amemwaga punje za mchele zilizopakwa rangi. Nimeviona maelfu ya mara na bado napenda kuviangalia.

Kitu kimoja kinaweza kuharibu hayo yote, na kilishaniharibia. Miaka yangu ya kwanza kazini mama mmoja alileta chupa ya mkojo wa binti yake kutoka upande wa Muhoroni, alikuwa ameifunga kwa leso, matatu ilikaa stendi ikingoja watu, jua kali, jumla masaa manne. Mimi sikuuliza. Nikaotesha, sahani ikajaa aina tatu za bakteria, na badala ya kusema sampuli iletwe ingine nikaandika tu namba kubwa. Mtoto akapewa sindano za antibiotiki siku tano. Baadaye mkubwa wangu akaniketisha akanionyesha kwa kalamu: kama wanagawanyika kila dakika 20, masaa manne ni mara 12, mmoja tu wa ngozi aliyeanguka kwa chupa anakuwa zaidi ya 4,000. Ile haikuwa UTI, ilikuwa safari ya matatu. Mtoto alichomwa sindano ambazo hazikuwa zake na hiyo sijawahi kuisahau. Kwa hivyo siku ingine ukiitishwa mkojo, osha na maji kwanza, ule wa mwanzo uwache uende chooni, kinga wa katikati, funika, na ufike maabara ndani ya masaa mawili, ikishindikana weka kwa friji (si kwa barafu).

Zile R na S. Tulichukua E. coli wako tukampaka sahani nzima, halafu juu tukaweka vidude vidogo vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Kesho yake dawa ikiwa inafanya kazi unaona duara safi kuizunguka, hakuna kilichoota, tunapima kwa rula kwa milimita. Duara likitosha ni S, dawa inamweza. Bakteria akiota hadi karibu na karatasi ni R, ameikataa. Kwako ampicillin, ambayo ni dada wa amoxicillin, ni R, ya Septrin ni R, nitrofurantoin ni S.

Watu husema mwili umezoea dawa. Mwili hauzoei, ni bakteria. E. coli wengine wana kimeng'enya cha kukatakata dawa za ukoo wa penisilini kabla haijawafikia, na hii si mambo ya juzi: mwaka 1940, penisilini ikiwa bado haijafika kwa wagonjwa wengi, Edward Abraham na Ernst Chain huko Oxford walishaona kimeng'enya hicho ndani ya E. coli. Jeni za huo usugu mara nyingi ziko kwa kipande kidogo cha DNA kinachoitwa plasmidi, na bakteria mmoja anaweza kutengeneza nakala ampe jirani, hata jirani wa ukoo mwingine. Sasa fikiria kile kilitokea. Ulimeza amoxicillin kwa ajili ya kibofu, lakini ilipita tumboni pia, na huko iliua wale wasiojiweza ikawawacha wenye kimeng'enya, wakapata nafasi. Ukaja Septrin, vivyo hivyo. Kumbuka mto ndio unaoleta mafuriko. Mara ya tatu waliopanda kwa kibofu walitoka kwa utumbo huo huo, na tayari walikuwa na silaha. Ndio maana roho inaniuma nikiona kapsuli zikiuzwa mbili mbili kwa mafua. Mafua ni virusi, dawa hiyo haimpati hata mmoja wao, lakini huko tumboni imeshafanya kazi yake ya kuchagua.

Nitrofurantoin uliyopewa naipenda kwa kesi kama yako na nitakwambia kwa nini. Ukiimeza inachujwa haraka na figo inajikusanya kwa mkojo, kwa damu inabaki kidogo sana, na bakteria wa utumbo haiwasumbui sana. Ni kama kutoa maji kwa nyumba bila kuziba mto. Meza na chakula, la sivyo itakuchafua tumbo, usishtuke mkojo ukiwa na rangi ya hudhurungi, na siku ulizoandikiwa zimalize zote, usimkatie jirani hata moja. Lakini kwa sababu haikai kwa damu haiwezi kutibu figo. Ukipata homa, kutetemeka, maumivu ya mgongo chini ya mbavu upande mmoja, au kutapika, usingoje dozi iishe, rudi hospitali siku hiyo hiyo, maana hapo bakteria wamepanda juu. Na ukiwa na dalili ya mimba, au una shida ya figo, mwambie daktari kabla hujaendelea.

Ukimaliza dawa na uko sawa, usikimbilie kupima tena ndio uone kama "wameisha". Kuna wanawake wana bakteria kwa mkojo bila kuchomeka, bila chochote, na mara nyingi hawatibiwi, wanawachwa hivyo. Mjamzito ndiye tofauti, yeye anatibiwa hata kama hasikii kitu, kwa sababu kwake ni rahisi kupanda hadi figo. Ikirudi tena mara mbili tatu mwaka huu, mwombe daktari aangalie kwa nini, kama ni mawe, sukari, au ni njia ya kupanga uzazi unayotumia.

Mama mkwe naye usimjibu kwa hasira, alichosema kina mzizi, E. coli kweli ni wa choo. Mwambie tu hata yeye anaye, hata mtoto, hata daktari aliyeandika ile karatasi, na asiyekuwa naye karibu hayuko. Ukiweza kaa naye muisome hii pamoja.

Mala mpe mtoto. Bakteria wa mala wanafanya kazi ya kutengeneza asidi ya maziwa kama wale Lactobacillus wako, ndio maana inaganda na inakuwa chachu, na kwa huo uchachu wadudu wengi wabaya hawafurahii. Haitatibu UTI, na usiipake popote, ni ya kunywa. Kitu kimoja tu uliza mwenye anakuuzia: maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa ama ni mabichi? Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria mbaya anayeitwa Brucella kutoka kwa ng'ombe na uchachu wa mala si wa kuaminiwa kumuua. Akisita kujibu, nunua maziwa, chemsha mwenyewe, yakishapoa hadi vuguvugu tia vijiko viwili vya mala nzuri, funika, kesho jioni iko tayari.